Makufuli Matatu ya Faili la Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa hospitali hatosheki na kufuli moja kwenye mafaili ya wagonjwa, na fundi wa kompyuta ni mimi. Haya, nimeweka matatu! La kwanza linaangalia cheo chako. La pili, alama ya siri iliyowekwa na kliniki. La tatu ni la mgonjwa mwenyewe — anayemkataa, hasomi. Likigoma moja tu, umekwama.

Shemeji, mdogo wa mke wangu, ni nesi hapa hapa. Kashaniita Bwana Makufuli mbele ya wodi nzima. Eti mgonjwa atapona, ataondoka, mimi bado natafuta funguo. Tena kompyuta inasema HAPANA tu, haisemi kwa nini — kama mume aliyenuna.

Jumanne, 4 Machi
Nimemkomesha. Sasa kompyuta inataja kila kufuli lililogoma, na sababu. Shemeji kanisifu! Sijui kama anaumwa.

Jumatano, 5 Machi
Siku ya majaribio. Nikachukua faili la mke wangu — aliniruhusu mwenyewe mwaka jana nilitumie kwa majaribio. Fungua tu, alisema, utakuta mafua na jino bovu.

Kufuli la kwanza: pita.
La pili: faili lina alama ya kliniki ya wajawazito, huruhusiwi.
La tatu: mwenye faili amekuzuia wewe.

Mimi! Kwa jina!

Nikakaa. Nikasimama. Nikakaa tena. Miaka tisa ya ndoa, mimba mbili zimetoka, na ya mwisho tulishamtangazia mpaka mama mkwe. Ndiyo maana safari hii kafunga mdomo. Nina furaha, na naogopa. Na faili lenyewe sijasoma hata mstari! Mlango umefungwa vizuri, mlinzi ndiye karopoka. Na mlinzi nilimfundisha mimi, mjinga mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimerudisha HAPANA tupu. Shemeji kaja mbio: aliyenuna karudi? Usalama, nikamjibu. Akanitazama weee, akaondoka bila utani. Yeye, bila utani!

Ijumaa, 7 Machi
Nimerudi nyumbani, nimekaa mezani na daftari. Mke wangu anauliza: lile jaribio la faili langu, ulishalifanya?

Nikisema bado, nimemdanganya. Nikisema lilikataa, atajua nimejua, na neno alilotaka kunipa mwenyewe nitakuwa nimemnyang'anya. Nikasema, ngoja nimalize kuandika.

Amevuta kiti, amekaa karibu. Andika tu, anasema, nakungoja. Halafu kwa sauti ndogo: ila usikawie, mwenzio naogopa.

Bado naandika. Sijui naandika nini —