Kisiwa Ambacho Mkataba Haukukitaja

Mpendwa dada Asumpta,

Mzigo wa baba umerudi. Vinyago vyote, kama alivyovifunga mwenyewe hapa Tabata, vimerudi kutoka kisiwani.

Nakukumbuka ulivyokaa uani ukimweleza baba, naye vumbi la mpingo limemjaa hadi kwenye nyusi.

"Baba, kisiwa anakoishi mteja wako Bi Safina si nchi. Kinatawaliwa kutoka Ulaya. Sisi mkataba wa biashara tumesaini na hao wanaokitawala, lakini mle ndani kisiwa hakikutajwa. Kwa hiyo mzigo wako hausamehewi ushuru."

Kisha ukakasirika. "Kwenye bendera kisiwa ni chao. Kwenye ushuru kimekuwa cha nani?"

"We si umesomea sheria?" baba akasema. "Wasemee basi."

Rufaa uliiandikia wodini, figo zimeshachoka. Nilikuwa nakushikia kompyuta.

"Dada, pumzika. Ni vinyago tu."

"Bi Safina duka lake linakufa," ukanijibu. "Watu wa kule wanaamuliwa kila kitu na hawana kiti mezani. Nitapumzikaje?"

Tulikuzika kabla majibu hayajaja. Yalipokuja yalikuwa mafupi: eneo halikutajwa, mkataba hauligusi. Bi Safina akashindwa kuukomboa mzigo, akafunga duka. Alinipigia, Kiswahili chake cha kuungaunga, analia.

"Mkataba ule hata sie hatukuulizwa. Dada yako ndiye wa kwanza kuniuliza mie nataka nini."

Nilikukasirikia, dada. Siku zako za mwisho nilizitaka ziwe zetu, ukawapa watu ambao hukuwahi hata kuwaona. Sikumwambia mtu.

Jana baba alifungua maboksi. Akawa anafuta kinyago kimoja kimoja kwa kitambaa. Nikashindwa kuvumilia, nikamweleza maneno ya Bi Safina. Akakaa chini pale pale sakafuni.

"Kumbe kuna aliyemsikia mwanangu," akasema.

Akalia. Makaburini hakulia, dada, wala matanga hayakumliza. Nikakaa naye sakafuni, nikamshika, na hasira niliyokuwa nayo juu yako sikuiona tena. Umebaki uchungu mtupu.

Pumzika sasa, dada yangu. Safari hii sina haja ya kukubembeleza.

Ni mimi mdogo wako, niliyebaki na baba.