Zambarau Ni Siku Gani

Jumatatu, 14 Julai

Nimefika saa moja na nusu. Nimefagia, nimefuta vumbi, nimewasha kompyuta mpya waliyoniwekea nilipokuwa kwenye matanga. Jina langu kwenye kioo limeandikwa Hilda. Neno la siri jipya nilipewa kwenye kikaratasi. Ni siku yangu ya kwanza kazini tangu msiba.

Nimefungua folda ya pamoja, ambamo ofisi nzima tunaweka mafaili. Barua zipo. Mikutano ipo. Picha za mabomba zipo. Ratiba haipo.

Nimezima, nimewasha. Haipo. Nimechomoa waya wa mtandao nikauchomeka tena, kama Vero alivyonifundisha. Haipo.

Ratiba ni folda yangu. Ndani kuna jedwali la mgao wa maji, kijiji gani kinapata siku gani. Kila Ijumaa nachapa na kubandika kwenye ubao wa nje. Jedwali alilitengeneza mwanangu Vero, likizo ya mwaka juzi, alipokuwa anakuja kunisubiri hapa ofisini. Kila kijiji alikipa rangi, kwa sababu wanaokuja kuangalia ni akina bibi na wengi hawasomi. Kitangari njano. Kijijini kwa mama yangu zambarau, kwa ajili ya kanga yake.

Wiki sita nilizokosekana wameandika kwa mkono, kalamu nyeusi. Mama amekosa maji mara mbili. Alimtuma jirani akaangalie zambarau ni siku gani. Jirani akarudi akasema zambarau hakuna.

Naogopa. Sijamwambia mtu.


Jumanne, 15 Julai

Nimewaambia. Nimeuliza mmoja mmoja. Meneja haioni. Somoe wa mapokezi haioni. Ila wao siku nyingi hawaioni. Kuna wakati mtu aliingia humo akahamisha siku ya kijiji kimoja akawapa shemeji zake. Pakawa na ugomvi mkubwa kwenye bomba, ndoo zikapasuliwa. Fundi wa kompyuta akaja akaifunga, niione mimi peke yangu. Asiye na ruhusa haoni hata jina la folda.

Nimekaa kwenye kompyuta ya Somoe nikaingia kwa jina langu. Haipo. Basi tatizo si mashine yangu.

Meneja amesema, "Dada Hilda, hilo ni jedwali tu. Tengeneza jingine. Ijumaa watu wanataka kujua siku zao."

Ni kweli wanataka. Lakini siwezi. Nina kidato cha nne na kozi ya kuchapa. La Vero unabadilisha tarehe moja, siku zote zinasogea zenyewe pamoja na rangi zake. Nimejaribu saa mbili. Rangi zilikaa, siku hazikusogea. Nikafuta. Sikutaka pia. Nikitengeneza jingine, la kwake litakuwa limekwisha kweli.

Amenipa mpaka Alhamisi jioni.

Jambo jingine. Hakuna anayeniita Mama Vero. Meneja, Dada Hilda. Dereva, Dada Hilda. Hata Somoe. Yeye Mmakua wa Masasi, mimi Mmakonde wa huku, miaka tisa ananitania. "Mama Vero, nyie watu mliyaacha maji bondeni mkapanda mlimani, leo mnalia kiu." Tangu jana hajanitania hata neno. Ananiletea chai, anainamisha macho, anaondoka.

Mtoto wangu alikuwa mmoja tu. Jina jingine la kuitwa sina.


Jumatano, 16 Julai

Jana fundi hakupatikana. Leo amepokea. Yuko Masasi, duka lake liko Mkomaindo. Ameniuliza kwa utaratibu, kijana mpole. Wenzako wanaona mafaili mengine? Wanaona. Wewe unaona mengine? Naona. Inayokosekana ni hiyo moja? Hiyo moja. Akasema basi huenda ipo, kilichoharibika ni ruhusa. Akauliza kompyuta yangu ya zamani iko wapi.

Iko stoo. Nimeitoa nyuma ya mifuko ya dawa ya maji, nikaiwekea waya. Imewaka. Kwenye kioo likatokea jina nililokuwa naingilia zamani. mamavero.

Nimeandika neno la siri la zamani. Ni siku yake ya kuzaliwa. Kompyuta ikafikiri kidogo, ikajibu kwa Kiingereza. Nikanakili nikamsomea fundi kwenye simu. Akanitafsiria. Mtumiaji huyo hayupo.

Nikamshukuru. Nikakaa juu ya mfuko. Nililia.

Somoe amenikuta humo humo. Akatazama kioo, kisha akakaa sakafuni na gauni lake safi. Akasema, "Ni mimi." Fundi alipokuja kuweka kompyuta mpya aliuliza aandike jina gani. Somoe akamwambia aandike Hilda, lile la zamani alifute kabisa, nisije nikakutana nalo asubuhi ya kwanza. Na wenzake aliwaomba wasiniite Mama Vero.

"Nilidhani litakuchoma."

"Linachoma," nikamwambia. "Liache lichome."

Nimemkasirikia. Hasira yenyewe sijui niiweke wapi, maana siku ya mazishi yeye ndiye aliyenishika mkono mpaka mwisho.


Alhamisi, 17 Julai

Fundi ana kazi nyingi, hawezi kupanda huku kabla ya wiki ijayo. Amesema tumpelekee kisanduku kinachotunza mafaili ya ofisi nzima. Meneja amekubali, ila jioni ni ile ile.

Mzee Chitanda, dereva wetu, ameendesha. Mimi nimekipakata kisanduku, nimekifunga kwenye kitenge kwa ajili ya vumbi. Mikorosho imeanza kutoa maua. Tulipokaribia Mkomaindo akapunguza mwendo. Akasema anaweza kuzunguka kwa nyuma, tusipite kwenye geti la hospitali. Nikamwambia, baba, pita mbele.

Mama wa uji bado yuko pale getini, na sufuria lake lile lile lenye kifuniko cha bluu. Siku ya tatu wodini Vero alitaka uji wa ulezi. Alikunywa vijiko viwili, akasema una sukari mno. Nikaenda kubadilisha. Nilirudi amelala. Siku ya nne hakutaka kitu.

Fundi alitoka nje kutupokea. "Shikamoo, mama." Akachomeka kisanduku, akaingia kwa neno lake la siri, lile la kufungua kila kitu. Akanigeuzia kioo. Ratiba ilikuwepo. Siku zote ilikuwepo. Akafungua orodha ya wenye ruhusa. Lilikuwa jina moja tu, mamavero, na mwenye jina hilo hayumo tena kwenye orodha ya watumiaji. Mlango ni mzima, aliyepewa ufunguo ndiye aliyeondolewa. Ndiyo maana hakuna aliyeiona.

Akaniomba radhi. Alifuta bila kuangalia jina lile lilikuwa limeshika nini. Akasema zipo njia mbili. Aongeze Hilda kwenye orodha, ni dakika moja. Au aliunde upya mamavero, alipatie ruhusa, kisha anielekeze kwa simu nibadilishe jina na kwenye kompyuta yangu. "Ila litakutokea kwenye kioo kila asubuhi, mama. Unataka ipi?"

Nikasema ya pili.

Akashauri awepo na mtu mwingine mwenye ruhusa, nikiugua au nikisafiri kazi isisimame. Akauliza nani. Nikamtajia Somoe.

Tumerudi saa kumi na moja. Tulipofika juu Mzee Chitanda akazima gari. Akasema, "Haya, Mama Vero, shuka polepole."


Ijumaa, 18 Julai

Imefunguka.

Rangi zote zipo. Njano, kijani, chungwa, zambarau. Wiki ya mwisho kujazwa ni ile ya mwezi wa tano, kabla hajaugua.

Kando ya kisanduku cha tarehe kuna maneno madogo ya kijivu. Hayachapwi, yanaonekana kwenye kioo tu. Mama, badilisha hapa tu. Miaka miwili nimekuwa nikiyapita. Nilikuwa najua cha kufanya, kwa nini nisome. Leo nimeyasoma nikayarudia mpaka meneja alipokuja kuuliza kama kuna shida. Nikamwambia hakuna.

Nikabadilisha tarehe. Siku zikasogea.

Nimechapa nakala mbili. Nimetoka kubandika saa tatu, akina bibi walikuwa tayari wamekaa na madumu yao kando ya ukuta. Mmoja akasema rangi zimerudi. Wakasogea wote. Nyuma yangu Somoe akafungua dirisha la mapokezi.

"Mama Vero, bandika vizuri hilo karatasi. Nyie watu wa mlimani hata maji mkiyaona mnauliza ni nini."

Akina bibi wakacheka. Nikamjibu kwamba Wamakua wanakaa karibu na maji na bado hawaogi. Akafunga dirisha haraka. Najua alikuwa analia. Na mimi pia.


Jumapili, 20 Julai

Baada ya ibada nimekwenda kwa mama. Ndoo zimejaa, na pipa limejaa hadi shingoni. Alimtuma jirani juzi, akarudi akamwambia zambarau ni Jumamosi. Jana alfajiri alikuwa wa tatu kwenye foleni.

Nimemfulia. Kanga yake ya zambarau imepauka sana, karibu ni kijivu. Nimeianika upande wa kivuli. Nikamwuliza kama nibadilishe rangi yake kwenye jedwali, ifanane na kanga ilivyo sasa.

Akasema niiache kama mtoto alivyoiweka.