Tone la Mafuta katika Sikio la Khimlal

Simalchaur, Baglung,
12 Mangsir.

Mpendwa mdogo wangu Dilliram,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. U hali gani huko Doha? Mgongo umepata nafuu? Bado wanawapandisha ghorofani kwenye jua lile? Mama anakula na anagombana na mbuzi, kwa hiyo ni mzima.

Mkeo Januka amemaliza kuvuna ulezi. Alinisihi nisikuandikie haya, eti utakosa usingizi. Nimeshindwa kuyameza.

Upasuaji wa sikio la mdogo wetu Khimlal umeharibika. Aliyeuharibu ni mimi.

Unajua alivyoisubiri kambi ya madaktari wa masikio. Mwalimu mkuu alimwambia wazi: mwaka wa shule ukianza naye bado hawasikii watoto wa viti vya nyuma, darasa lake atapewa mwalimu mwingine. Watoto wenyewe wanamchezea. Wanachezesha midomo bila sauti ili aseme "Eh?" wapate kucheka. Sikio la kulia linasikia kwa shida, na la kushoto ngoma yake ilikuwa na tundu la kupitisha punje ya mchele.

Walimtia ganzi, wakamchana nyuma ya sikio hilo la kushoto. Wakachukua utando mwembamba unaofunika msuli wa pale juu, wakauanika kwenye kioo mpaka ukakauka kama karatasi, kisha wakaupenyeza chini ya ngoma uwe kiraka. Wakaushikiza kwa sponji laini inayoyeyuka yenyewe. Daktari Shakya alituonya: pamba isitoke, asipenge kamasi kwa nguvu, na kisiingie kitu, si maji, si mafuta. Nilimjibu mimi mwenyewe, "Sawa, Daktari."

Wiki mbili baadaye ikafika Tihar, siku yetu madada ya kuwapaka ndugu zetu tika, ile alama ya rangi kwenye paji la uso. Mkeka wako ulikuwa mtupu, lakini nao niliuzungushia mafuta ili mauti isivuke. Hujasahau mwaka ule ndugu yetu marehemu Bishnu alipokuwa safarini tukashindwa kumpaka, na kabla mwezi haujaisha basi lake likatumbukia mtoni. Basi nikamfikia Khimlal na majani ya dubo, nyasi za ibada, yaliyolowa mafuta ya haradali. Nikapaka kichwa, nikatia sikio la kulia kama ilivyo desturi. Hapo nikaogopa. Nikaona mauti itapita palepale nilipopaacha. Nikachomoa pamba. Tone moja tu, Dilliram.

Alitulia, macho ameyafumba. Hakunikataza.

Siku ya nne usaha ukatoka. Tulirudi kwa daktari, akachungulia kwa hadubini yake. Kiraka chote kilikuwa kimeoza.

"Mmetia nini humu?"

Kabla sijafungua mdomo, Khimlal akadakia: "Maji, Daktari. Niliosha kichwa. Akili zangu ndizo hizi."

"Mwalimu mzima! Kazi yangu ya saa mbili umeiosha na sabuni?"

Watu wote kwenye foleni walisikia. Mdogo wetu akacheka, akainamisha kichwa. Nami nilisimama pale nimekumbatia mfuko wangu. Sijawahi kujichukia hivyo maishani.

Daktari anasema mwakani, kambi ikirudi, atajaribu tena kwa kipande cha gegedu la sikio lenyewe, maana gegedu ni gumu zaidi, ila haahidi kitu. Shule inafunguliwa mwezi wa Baisakh, kabla ya hapo. Haitamngoja.

Tukiwa njiani Khimlal akanitania: "Dada, mwakani tia tena. Ila tia hilohilo, hili jingine niachie." Akacheka peke yake.

Mama anakusalimu, na Januka anakukumbuka kila akipika. Msalimie Purna mnayelala naye chumba kimoja. Mungu akushike mkono kwenye ngazi zile ndefu, urudi mzima.

Mwisho nikwambie hili. Nilimwomba Khimlal msamaha siku ileile tuliyotoka kwa daktari, tukiteremka kilima. Nilieleza yote, hadi habari ya Bishnu, machozi yakinitoka. Yeye akatembea tu akitazama mbele. Kumbe nilikuwa upande wake wa kushoto. Alipogeuka akaniona nalia, akauliza, "Umesema kitu, Dada?"

Nikamwambia hapana.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Yamkala