Nilimfukuza Mbwa Aliyekuwa Akimrudisha Mama

Mshauri wangu mpendwa,

Nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanigombeza, maana haya nitakayokueleza sijamwambia mtu, hata mke wangu anajua nusu tu, na hiyo nusu nyingine imenikwama kooni kama mwiba wa samaki, kuumeza siwezi na kuutema naogopa.

Mimi ni fundi wa majokofu, mtoto wa tatu kati ya wanne, na ndiye niliyebaki na mama. Mama alifundisha darasa la kwanza kwa zaidi ya miaka thelathini, mwanamke wa saa na chaki, lakini miaka mitatu iliyopita akili ilianza kumponyoka kidogo kidogo, kwanza akasahau sufuria jikoni, halafu akasahau jina la mjukuu wake, halafu ikawa kila adhuhuri anavaa viatu, anachukua mkoba, anasema kengele imeshalia na watoto wanamngoja. Daktari akatuambia ni ugonjwa wa kusahau unaokuja na uzee, hauponi, tunachoweza ni kumlinda asipotee. Basi tukapata mama mmoja wa makamo wa kutusaidia nyumbani, mtu mzima mwenye wajukuu wake, sote tukamwita Shangazi ingawa hatuna undugu naye, na mama alimpenda kuliko alivyotupenda sisi, nadhani kwa sababu yeye hakuchoka kujibu swali lile lile mara kumi.

Mbwa alikuja kwa sababu ya wezi. Karakana yangu iko uani, walikuwa wameingia wakabeba kompresa mbili za wateja, nikaona dawa yao ni mbwa mkali. Rafiki yangu mmoja aliye mlinzi akaniletea dume la ile mbegu ambayo watu wanaiita mbwa wa polisi, mgongo mweusi, miguu ya kahawia, masikio wima, na wenye kuijua wanaiita jamani shepadi. Mama akauliza, "Na huyu nani?" Shangazi akamjibu, "Jamani shepadi, bibi." Mama akashika neno la kwanza, basi mbwa akawa Jamani, na wiki nzima ya kwanza jirani yetu alikuwa akitusikia tukimwita anakuja mbio getini akidhani tumefiwa.

Mimi nilitaka mbwa wa kubweka na kuonyesha meno, mshauri, lakini huyu hakumaliza hata siku kumi akaiacha karakana na kujichagulia kazi yake mwenyewe, na kazi yenyewe ilikuwa mama. Mama akikaa kibarazani analala miguuni pake, akienda kuoga anajilaza mlangoni, nami nikichukia nasema, "Nimeleta mlinzi au nimeleta mkeka?" Mke wangu alicheka, mimi sikucheka. Na adhuhuri mama alipoanza safari yake ya getini mbwa alitangulia, akajiweka ubavu mbele yake, mama akienda kushoto naye yuko kushoto, akienda kulia naye yuko kulia, anamsukuma paja kwa bega taratibu mpaka mama anageuka, na kwa macho yangu nilichoona mimi ni mbwa asiye na adabu anamsumbua mzee. Shangazi aliniambia, tena mbele ya mke wangu, "Fundi, huyu anamrudisha bibi. Mwache." Nikamwambia mbwa ni mbwa.

Siku moja nilirudi kutoka kazini nikakuta mkono wa gauni la mama umechanika na kwenye kifundo cha mkono pana alama ya zambarau. Nikamwuliza, "Mama, nani amekufanya hivi?" Akanitazama, akasema, "Jamani." Damu ikanipanda. Shangazi akaja anakimbia na mikono yake ina sabuni, akaniambia, "Sikiliza kwanza, Fundi. Bibi alikuwa ameshafungua komeo, mguu mmoja uko nje, na lori la mchanga linapita. Alimvuta kwa nguo. Angetaka kumng'ata ungekuta damu, iko wapi damu?" Maneno yake yalikuwa na akili, lakini mimi nilikuwa nimechoka, na nikisema ukweli wote, nilikuwa na donge la siku nyingi kwamba mbwa niliyemleta mimi hanitii mimi. Nikampigia simu msimamizi wa bohari moja la vinywaji ninakotengeneza vyumba vya baridi, kesho yake akaja na gari, Jamani akapakiwa. Mama alisimama uani na mkoba wake, akauliza, "Huyo mtoto anahamishwa shule?"

Siku ile ile Shangazi akaniambia, "Basi tia kufuli getini, maana mimi nina macho mawili tu, nikiwa nyuma ya nyumba geti silioni." Nikasema nitatia. Mshauri, mimi ni fundi, kwenye karakana nina boksi zima la makufuli, ni kazi ya dakika moja. Nikasema kesho, kesho ikazaa kesho, zikapita siku kumi na tisa.

Siku ya kumi na tisa Shangazi alikuwa anaanika nguo, mama akafungua komeo akatoka. Tulimtafuta jioni yote, tukampata asubuhi ndani ya mtaro nyuma ya shule ambayo hajawahi hata kufundisha, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, na mfupa wa nyonga umevunjika.

Ndugu zangu walikuja wote, kaka mkubwa, dada yangu na mdogo wetu wa kike, na pale kwenye korido ya hospitali kaka akauliza, "Geti alikuwa analiangalia nani?" Macho yote yakamwendea Shangazi. Yeye hakuwatazama wao, alinitazama mimi, na alingoja, mshauri, aliningoja niseme, na mimi nikatazama sakafu, nikahesabu vigae. Kaka akamwambia, "Kafungashe vitu vyako." Hakubisha. Alisema, "Poleni sana, bibi ataamka," akachukua mkoba wake akaondoka.

Sasa ni mwezi wa nne tangu siku ile. Mama yuko kitandani, hatembei, na mara nyingi mchana anaita, "Jamani... Jamani..." na wageni wanasikitika wanasema maskini anaugulia maumivu, dada yangu anamletea kidonge, na mimi peke yangu chumbani mle najua kwamba anaita. Shangazi nasikia hajapata kazi, kwa sababu shemeji yangu, mke wa kaka, amewaambia watu mtaani kwamba ndiye aliyempoteza bibi kizee. Na juzi nilikwenda bohari kutengeneza mashine nikamwona mbwa, amefungwa mnyororo mfupi kwenye nguzo, manyoya ya shingo yameisha. Alisimama aliponiona, lakini hakuja kwangu, alinipita kwa macho akatazama nyuma yangu, kama anayetafuta niliyekuja naye.

Nisemeje, mshauri? Nikiwaambia ndugu zangu, kaka atasema sifai kukaa na mama, na mama hatasimama kwa sababu mimi nimesema. Nikinyamaza, silali. Je, nimrudishe mbwa? Na ni kweli alikuwa anamrudisha, au ni Shangazi tu alikuwa anamtetea mnyama, maana kuna saa natamani iwe si kweli, nipumue.

Ni mimi,
Fundi wa majokofu

*

Fundi,

Nimekusikiliza mpaka mwisho kama ulivyoomba, na kukugombeza nitakugombeza, lakini kwanza pole. Pole kwa mama, na pole kwa kumuuguza miaka mitatu huku wenzako watatu wakija kama wageni. Uchovu wako nauona. Haukupi ruhusa, lakini nauona.

Swali lako la mwisho acha nilijibu kwanza, maana ndilo unalotaka nikudanganye. Nimezungumza na daktari wa mifugo ambaye ametibu mbwa wa mbegu hiyo maisha yake yote ya kazi. Mbwa unaowaita wa polisi hawakuanza na polisi. Jina lao lenyewe maana yake ni mbwa wa mchungaji wa Ujerumani. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita afisa mmoja mstaafu wa jeshi la wapanda farasi aliona kwenye maonyesho mbwa mmoja wa wachungaji, akampenda, akamnunua papo hapo, na kutoka kwake na wenzake akaanza kuikuza mbegu hii, akitaka mbwa mwenye akili na bidii ya kazi. Kazi yenyewe ilikuwa gani? Kule kondoo walilishwa kando ya mashamba ya watu, na mashamba hayakuwa na uzio. Uzio alikuwa mbwa. Alitembea mpakani kutwa nzima, huku na huku, kondoo akitaka kuvuka anamzuia kwa ubavu, akikaidi anamshika kwa meno bila kumtoboa ngozi na kumrudisha kundini. Baadaye kazi ya kuchunga ilipopungua, wakapelekwa polisi na jeshini, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na baada yake wakawa miongoni mwa mbwa wa kwanza kufundishwa kuwaongoza askari waliopofuka. Ukali watu wameuona kwa sababu ndio unaoonekana. Daktari aliniambia hivi: "Huyu mbwa mpe mtu mmoja wa kumwangalia, atafanya kazi ambayo hukumtuma."

Kwa hiyo ndiyo, Fundi. Alikuwa anamrudisha. Shangazi hakuhitaji daktari wala historia kuliona hilo, alihitaji kutazama tu.

Sasa tuelewane. Kumfukuza mbwa ni kosa la kutojua, tena kosa la mtoto aliyeona alama kwenye mkono wa mama yake. Wengi wangefanya hivyo, na ningekuwa mimi sijui ningefanyaje. Kufuli lakini ulilijua. Uliambiwa, ulikubali, na boksi unalo. Hata hilo bado ni uzembe, na uzembe ni wetu sote. Pale kwenye korido hukuwa mzembe. Pale ulikuwa na ulimi mzima kinywani, mtu mzima mwenye wajukuu anakuomba kwa macho neno moja, wewe ukamtoa kafara ili ubaki. Hicho ndicho kinachokunyima usingizi, usimsingizie mbwa.

Unaniambia mama hatasimama ukisema. Ni kweli, hatasimama. Lakini Shangazi atasimama. Yeye ndiye ambaye bado anaanguka kila siku, kila anapobisha mlango akaambiwa nafasi imejaa. Wa kumwokoa ni mtu mmoja tu, na mtu huyo yuko busy kuniandikia mimi barua.

Fanya hivi. Wiki hii, si mwezi huu, mweleze mkeo ile nusu iliyobaki, ili asije akaisikia ukumbini pamoja na wengine. Kisha waite ndugu zako wote nyumbani, na shemeji yako awepo. Usiwaandikie ujumbe wa simu, na usianze na hadithi ya mbwa, watadhani unatafuta pa kujificha. Anza hivi: "Shangazi aliniomba nitie kufuli, sikutia, na siku mliyomfukuza nilinyamaza." Ukishasema hayo, eleza mengine. Kaka atapiga kelele, mwache apige. Akisema hufai kukaa na mama, usimwombe wala usimtishie, mwulize kwa upole ni siku zipi kila wiki yeye atakuja kumgeuza mama kitandani na kumlisha. Hilo ulipaswa kuwauliza wote watatu tangu mwaka wa kwanza. Na shemeji yako, kwa mdomo ule ule aliosambazia maneno, akapite mlango kwa mlango kusema alikosea. Usikubali aseme "basi yameisha." Hayajaisha mpaka Shangazi apate kazi.

Mbwa, mtoe kwenye mnyororo. Kama msimamizi atakubali kukurudishia, mpeleke kwanza kwa daktari, akamwangalie shingo na nyonga, maana mbegu hii huwa na udhaifu wa nyonga. Mzoeshe nyumba upya, siku za mwanzo asiingie chumbani bila mtu, mama ana mfupa uliovunjika na mbwa naye ameonja upweke, huenda si yule wa zamani. Usitegemee muujiza. Huenda mama akamtazama akauliza huyu nani. Na dada yako umwambie leo leo, kabla hata ya kikao, kwamba mama akiita jina lile si kila mara ana maumivu. Mnamnywesha dawa kwa sababu ya siri yako.

Lakini kabla ya kikao cha ndugu na kabla ya bohari, nenda kwa Shangazi. Nenda mwenyewe, kwa miguu yako. Usibebe zawadi, usimwahidi kazi, usimwombe arudi, usimwombe hata msamaha siku hiyo, kwa sababu kumwomba ni kumpa mzigo mwingine. Mwambie ulichofanya kama ulivyoniambia mimi, halafu mwambie ni siku gani utawaambia ndugu zako, na kwamba akitaka kuwepo kiti chake kipo. Akikutukana, pokea. Akinyamaza, nyamaza naye. Na akikufungulia mlango, usikae mpaka akwambie kaa.