Jiko la Mlango Mfupi

Kyoto, Japani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kama miwani bado inakusumbua, mpe mke wa mdogo wangu Elisante akusomee barua hii, ingawa ningependa uisome peke yako. Magoti yanaendeleaje? Na ule mgomba ulioanguka na mkungu wake, ndizi mliziokoa? Mimi mzima. Baridi imeanza huku, ila ya mwezi wa saba huko kwetu Meru ilishanizoesha, kwa hiyo sina cha kulalamika. Kazi ya kutunza wazee inaendelea. Nawaogesha, nawalisha, nawasikiliza, nao wananiita Nde, maana Ndeanasia lote linawashinda.

Nimeamua kuandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ungesema "hakuna neno, mwanangu," kisha ungehamia habari za ng'ombe. Nakujua.

Jirani yangu huku ni bibi mmoja, Hisae, ambaye amefundisha watu kuandaa chai maisha yake yote. Usicheke, Mama. Huku watu husomea chai miaka na miaka, namna ya kukunja kitambaa, namna ya kushika kata ya maji. Kwa kuwa huwa namtolea takataka zake nje, Jumapili alinialika kwenye nyumba yake ya chai, kibanda kilicho mwisho wa bustani. Nilivaa gauni langu la kanisani. Nikafika nikakuta mlango haunifiki hata kiunoni. Unaingia kwa magoti, umeinamisha kichwa. Bibi Hisae alinieleza kwamba zamani hata wenye vyeo waliacha panga zao nje wakaingia hivyohivyo, ili humo ndani kila mtu awe mgeni tu. Mlango ulifanywa mdogo makusudi.

Nilipoinua kichwa nilijisikia vibaya kabla sijajua kwa nini. Palikuwa na giza kidogo. Kuta zilikuwa za udongo uliokandwa na nyasi, bila rangi, nyasi zenyewe unaziona. Katikati ya sakafu palikuwa na shimo la moto na birika la chuma likichemka. Juu darini zilipangwa fito za mianzi, nyeusi, zinang'aa kwa masizi. Bibi Hisae aliona ninavyozitazama.

"Hizo zilikuwa dari ya jiko la bibi yangu kijijini," akasema. "Moshi wake wote umo humo. Walipobomoa nyumba nikaziomba. Mpya za namna hiyo hazipatikani."

Nilikuwa nakumbuka niliyokwambia kuhusu jiko lako la nyuma, lile alilojenga Bibi yetu. Kwamba ni masizi matupu. Kwamba wageni wakitoka mjini kuja kwenye kipaimara cha mtoto wa Elisante, watasema mimi niko Japani na mama yangu nimemwacha kwenye moshi. Mlango wake mfupi ndio nilioutukana zaidi. Hata mchungaji, nikasema, anavua kofia na kuinama kama anaingia banda la mbuzi. Wewe ulinijibu tu, "Ndivyo anavyoingia kila mtu." Nami nikakujengea jiko la vigae na gesi, nikamwagiza Elisante lile la zamani aliondoe kabla ya sherehe.

Bibi Hisae aliweka unga wa chai ya kijani kwenye bakuli, akamimina maji, akaukoroga kwa kifagio kidogo cha mianzi mpaka ukatoa povu. Kisha akaliweka bakuli mbele yangu. Alikuwa ameshanifundisha la kufanya: kuinama, kulizungusha bakuli, kunywa. Lakini mikono yangu ilifanya ya kwetu. Nilimrudishia bakuli nikasubiri aonje yeye kwanza, kama unavyofanya wewe, iwe pombe yetu ya mbege siku ya sikukuu au chai ya maziwa ya asubuhi, mgeni ajue hakuna ubaya ndani. Kumbe huku mwenyeji hanywi. Anaandaa, anatoa, anatazama. Alibaki ameweka mikono mapajani. Nikamweleza desturi yetu huku jasho likinitoka. Akafikiri kidogo, akaonja, akaufuta ukingo wa bakuli, akanipa.

"Nani alikufundisha?"

"Mama yangu."

"Chumba chake cha chai kikoje?"

Nikamsimulia jiko lako, mlango, mafiga matatu, kigoda chako, fito za dari, mpaka Kijapani kikaniishia. Akauliza kama bado lipo. Nikasema lipo. Nilijua uvivu wa Elisante, nikamwomba Mungu safari hii amzidishie.

Nilipotoka nikampigia Elisante simu nikiwa hapohapo njiani.

"Dada, toa wasiwasi, tumeshalibomoa," akasema, ana furaha kabisa. "Panapendeza. Magari ya wageni yatageuzia pale."

"Na zile fito za dari?"

"Tulipikia. Zilikuwa kavu hizo, ziliwaka vizuri kweli."

Nikamuuliza wewe ulisema nini. Akasema hukusema kitu, uliomba tu mafiga yaachwe, wakayaacha. Halafu akacheka. "Mama naye bwana. Anachemsha chai kwenye gesi yako, anabeba kikombe anaenda kunywa kule palipokuwa jiko. Na akifika pale anainama, Dada. Mlango haupo, ila anainama."

Nililia njiani, Mama, watu wakinipita. Wewe ulikuwa umeniambia jiko jipya ni zuri, macho hayawashi tena, ukanibariki. Kila nikizikumbuka baraka zile naona aibu. Nilikuvunjia mahali pako ili wageni wa siku moja wasinicheke, na sitaki uniambie hakuna neno.

Mwambie Elisante magari yageuzie barabarani. Pale pasiguswe. Sina kinyongo naye, alifanya nilichomtuma. Nimeomba likizo ya Desemba na nimeipata. Nataka unionyeshe Bibi alivyoukanda ule udongo, na mlango tuuweke kimo kilekile. Moshi wa Bibi siwezi kukurudishia, hilo nalijua.

Nisalimie shangazi wa Nduruma aliyenilea, na mjomba fundi cherehani pale Kaloleni. Mke wa Elisante mwambie kitambaa chake nimekipata. Mwenye kipaimara chake mpe pongezi, na mchungaji umwombe aniombee.

Siku nitakayofika usinisubiri kwenye vigae. Kaa kulekule nje, kwenye mafiga yako, uonje chai kwanza wewe. Nami nikija nitainama.

Ni mimi binti yako,
Ndeanasia