Shimo la Ndizi Bondeni kwa Mama Sylvie

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa katika kituo cha polisi, Goma, tarehe 15 Agosti 2022

Jina: Mukamugema Laurence
Umri: miaka 36
Kazi: mshonaji
Makazi: Mabanga, Goma

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa wala sikuletwa.

Mnamo tarehe 8 Agosti mimi na mume wangu, Byiringiro Dieudonné, dereva wa lori, tulitoka Goma kwenda kupumzika kando ya ziwa, upande wa Sake. Tangu tuoane hatukuwahi kulala ugenini kwa raha. Tulilala ugenini tukikimbia vita. Safari hii tuliwaacha watoto kwa ndugu za mume wangu, tukafunga nguo nzuri. Tulifikia kwa mama Sylvie, mjane mwenye vyumba vya wageni vinavyotazama maji. Anawapikia wageni sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na kuwatengenezea kasiksi, divai yetu ya ndizi, kwa mikono yake. Watu wanatoka mjini kwa ajili ya kasiksi ile.

Mume wangu alizaliwa Masisi, na mtu wa Masisi akionja kasiksi ya mwingine hawezi kunyamaza. Mama Sylvie huivisha ndizi jikoni, juu ya uchanja, kwa moshi. Dieudonné alisifu, halafu akasema kwao ndizi huzikwa shimoni, ndipo divai inapata utamu. Wakataniana mpaka jioni. Aliomba mikungu miwili ili amwonyeshe, naye akampa akicheka. Lakini alipomwona anaangalia bondeni karibu na maji, kicheko kilikwisha.

"Papa, pale chini usichimbe. Kuko mazuku."

Mazuku ni ile hewa mbaya inayotoka ardhini huku kwetu. Huioni wala huinusi, nayo hulala mahali pa chini, hasa alfajiri kabla ya upepo, na anayeivuta hufa. Kwao Masisi, milimani, haiko, kwa hiyo Dieudonné aliona ni maneno ya kutishia watoto. Aliahidi kuchimba juu, karibu na barabara. Kule juu ni mawe matupu ya volkano, jembe halikuingia. Kesho yake mchana mama Sylvie alipokwenda sokoni, mume wangu alichimba palepale bondeni, kwenye udongo laini. Alikuta ndege amekufa pale, akamtupa pembeni. Nilimkumbusha alivyokatazwa. Akanijibu kwamba mashimo ya baba yake yalikuwa marefu kuliko lile na hayakuua mtu. Nikamwacha aendelee. Alikuwa anachimba huku anaimba, na mimi nilikuwa nimesahau kwamba mume wangu anaimba.

Shimo lilimfika kifuani. Alipanga ndizi, akafunika kwa majani na udongo, akaniomba nisimwambie mama Sylvie mpaka ziive.

Ijumaa tarehe 12, asubuhi na mapema, alikwenda kufunua. Nilimfuata na kikapu. Nilipofika alikuwa ameshashuka ndani. Aliinama kuchukua ndizi, akapiga magoti. Nilidhani ananitania, ndiyo tabia yake. Nikamwambia ainuke, anachafua suruali. Hakuinuka. Nikapiga kelele.

Mama Sylvie alitoka jikoni mbio. Mimi nilikuwa ukingoni, nataka kuruka. Alinikamata kiuno kwa nyuma, tukaanguka wote wawili. Nilimpiga. Nilimng'ata mkono mpaka nikaonja damu yake. Hakuniachia.

"Ukiingia na weye, mutakufa wawili," aliniambia. "Batoto batabakia na nani?"

Wavuvi walikuja na kamba na miti mirefu yenye ndoana, wakamvuta kutoka juu. Alikuwa amekwisha kufa.

Shemeji yangu Gisubizo, ndugu wa mume wangu, amewaambia kwamba mama Sylvie alitia sumu kwenye kasiksi, na kwamba alama za meno mkononi mwake ni za Dieudonné akijitetea. Dieudonné hakunywa kitu asubuhi ile. Meno ni yangu, mnaweza kuyalinganisha. Shimo bado liko wazi. Msimtume mtu ndani. Shusheni mshumaa unaowaka, mtaona utakavyozimika.

Mama huyu mmemfungia tangu Ijumaa. Naomba afunguliwe. Msifikiri nasema hivi kwa kumpenda. Nikilala nasikia mikono yake kiunoni, na ninamchukia. Nafikiri ningemfikia mume wangu. Najua nisingemfikia, lakini ndivyo ninavyofikiri kila usiku. Hata hivyo hakuua mtu.

Gisubizo na ndugu zake wako mlangoni kwenu sasa hivi. Wameniambia nikiyasema haya, watoto wanabaki kwa ukoo wao na mimi sitaingia tena nyumbani. Nimeyasema.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu, na nimeyatoa bila kulazimishwa.

Sahihi ya shahidi: Mukamugema L.

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake, ameyakubali na kutia sahihi mbele yangu. Nimemwambia yuko huru kwenda. Ameuliza kama kituo kina mlango mwingine. Nimemjibu kwamba hakina.

OPJ (afisa wa upelelezi) Ndayambaje Gradi