Neno la Kigiriki Kwenye Kadi ya Kabula

Jumamosi, mchana. Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi na mvua hainyeshi.

Wa nyumbani Busisi, nawasalimu. Mama, shikamoo, na miguu yako inaendeleaje? Kaka yangu Masanja, habari za siku nyingi. Mkeo msalimie sana, na Kulwa na Doto, na huyo mdogo wao ambaye bado sijamwona. Sisi huku Ilemela tupo. Siwezi kusema wazima. Tupo.

Blogu hii alinifungulia binti yangu Kabula, alipoona naandikaandika nyuma ya madaftari yake. Alisema, mama, andika kama unavyoongea. Huwa ananisahihishia kabla sijatuma. Leo natuma bila kumwonyesha.

Ana miaka ishirini na mbili. Mwezi wa pili huu analala ameketi, ameegemea mito, maana akilala chali pumzi inakata. Anakaa kama mgeni anayetaka kuaga.

Jumatatu tulimpeleka hospitali. Nyumba yetu iko juu kwenye mawe, gari halifiki, majirani walimshusha kwenye kiti cha plastiki. Daktari akasikiliza kifua, akaandika kwenye kadi: dyspnea. Akalipigia mstari. Akasema turudi Jumatatu hii kwa majibu ya picha.

Mimi hata darasa la nne sikumaliza, lakini neno lile nilipanda nalo mlima kama nimebeba dawa. Nikasema sasa ugonjwa una jina, na chenye jina kinatibika. Nikalinakili kwenye karatasi, nikawapelekea wamama wa maombi. Siku tatu tulilikemea, kila mmoja akilitamka anavyojua.

Jana Kabula akalitafuta kwenye simu. Akanisomea kwa vipande, akipumzika katikati.

"Mama, Waingereza wamelitoa Kilatini, na Kilatini kimelitoa kwa Wagiriki wa kale. Dys ni vibaya, kwa taabu. Pnoe ni pumzi."

"Halafu?"

"Halafu basi. Kupumua kwa taabu. Siyo ugonjwa, ni dalili."

Nikamwambia haiwezekani. Hayo nilimwambia daktari mimi mwenyewe, hata kabla hatujakaa: mwanangu anapumua kwa taabu.

"Ndiyo hivyo, amekurudishia kwa Kigiriki." Akacheka. "Na nyie wamama mmeshinda mnakemea Kigiriki cha watu, kimewakosea nini?"

Kicheko kikageuka kikohozi. Nikamshika mgongo mpaka kikaisha. Midomo ilikuwa rangi ya majivu.

Nimewawaza sana hao Wagiriki. Na wao walikuwa na mtu ameketi kitandani, na mama yake pembeni anamsikiliza. Wamesoma wote wale, wakaishia kusema kile ambacho mama alikuwa anakiona.

Sasa niandike lililonifanya nishike simu.

Daktari aliuliza pia kama Kabula amewahi kukaa kwenye vumbi. Nilisema hapana.

Niliongopa.

Masanja, wewe unajua. Mume wangu alipofariki niliponda kokoto pale mwambani, Kabula mgongoni, baadaye pembeni yangu, baadaye na yeye na nyundo yake ndogo. Jioni namfuta kope, zimekuwa nyeupe kabisa, namwita bibi kizee, anacheka. Vumbi la kwenye kope nililiona. La kifuani sikuliwaza. Tulikuwa tunatafuta kula.

Nilivyosema hapana, Kabula alikuwa palepale. Akanitazama. Akanyamaza na yeye.

Huko kunyamaza kwake ndiko kunanimaliza.

Matumaini sina, nisidanganye tena. Namwona mabega yanavyopanda kwa kila pumzi, kama anateka maji kisima kirefu. Sidhani kama kusema ukweli sasa kutamrudishia kitu. Lakini Jumatatu nitasema, mbele yake, asiendelee kunibebea uongo huu.

Daktari ataniuliza ni miaka mingapi. Nami kila nikihesabu, kichwa changu kinapunguza.

Kaka yangu, wewe ndiye ulikuwa unatuletea chakula pale mwambani. Muulize na mama. Tulianza Kabula akiwa na umri gani, tukaacha lini. Niambie yote, usinionee huruma. Naomba unijibu upesi, kabla ya Jumatatu asubuhi, kabla hatujamkalisha tena kwenye kiti.